Kuandika si usahaulifu: dhana potofu za marubani na wahutubiaji

"Mwalimu, rubani mzima anaandika-andika kama karani?" Swali hili nimelisikia tena wiki hii hapa Kisumu, na limenichosha. Wanafunzi wangu wa urubani huliuliza. Wanaokuja kwangu kujifunza kuhutubia nao hawako mbali: wote wanaamini karatasi ni ya asiyeijua kazi yake.

Ulichojifunza kikae kichwani. Karatasi ni ya kile ulichoambiwa sasa hivi. Mnara wa kuongozea ndege ukikupa kibali cha kuruka, kwa pumzi moja unatajiwa uendako, njia ya kufuata, mwinuko, masafa ya redio na tarakimu nne za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada. Mwaka 1959, Lloyd na Margaret Peterson wa Marekani waliwapa watu herufi tatu tu wazikumbuke, kisha wakawahesabisha kinyumenyume kwa tatu-tatu. Baada ya sekunde 18 herufi zilikuwa karibu zote zimepotea. Herufi tatu! Wewe unataka kubeba mambo matano huku ukiutazama upepo wa ziwani?

Tena nambari zenyewe hufanana. Njia ya kurukia 24, uelekeo 240, upepo kutoka 240: moja huimeza nyingine. Mnara ukikupa kanieneo ya hewa 1004 nawe ukaweka 1014, altimeta, yaani kipimo cha mwinuko, itakudanganya kwamba uko juu zaidi ya futi 250 kuliko ulipo. Juu ya ziwa huenda ukaponea. Ndani ya mawingu, upande wa vilima vya Nandi, shauri yako.

Na usiniambie uzoefu unatosha. Ndege ya Boeing Model 299 iliyoanguka Dayton, Ohio, tarehe 30 Oktoba 1935 iliongozwa na rubani wa majaribio mwenye ujuzi mkubwa. Kufuli ya usukani haikuwa imefunguliwa. Ndipo orodha ya ukaguzi ikashika mizizi.

Kwa hiyo andika kwanza, halafu umrudishie mwongozaji wa mnarani ukisoma kilicho kwenye karatasi. Ukirudia kwa kichwa, atasikia sahihi na karatasi ibaki na kosa. Masafa ya zamani yakate kwa mstari mmoja, usiyafute, kwa sababu mapya yasipojibu utayarudia yaleyale. Na tumia penseli, tafadhali, iliyofungwa uzi kwenye kibao cha pajani. Ikianguka chini ya kiti hutaifuata.

Mhutubiaji bora hana karatasi? Winston Churchill alijaribu hivyo mwaka 1904 bungeni Uingereza. Maneno yakamkatika, akaketi. Baada ya hapo alihutubia akiwa na maandishi yake mkononi.

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakaandika hotuba nzima na kuisoma kichwa kimeinama. Kadi moja inatosha: sentensi ya kwanza, majina kwa itifaki, tarakimu, sentensi ya mwisho. Matangani hasa, majina hayo yaandike hata kama ni ya jirani zako. Ukimsahau mama mfiwa, hakuna atakayekumbuka uliyoyasema baadaye.

Simu je? Skrini huzimika, jua la ziwani huifunika, na ujumbe wa mkopo huingia katikati ya sala.

Kiganjani usiandike kabisa. Joto la Kisumu unalijua.