Dizeli ya mwendo kwa wanaokula lami: pima njia kabla hujapima gari

Swali huwa lilelile: "Fundi, nataka gari linalochomoka lakini linanusa mafuta. Kila wiki niko Dar." Kabla sijataja jina la gari lolote, huuliza kilomita zenyewe zinaliwa wapi. Anayetoka Tanga alfajiri, akapita Segera, Mkata na Wami, injini yake inakaa kwenye joto lake la kazi karibu safari nzima. Mwingine naye anamaliza kilomita nyingi kwa mwaka, lakini zote ni za mjini Tanga: Kange, Ngamiani, Raskazone, halafu Kange tena, akizima na kuwasha mara nane kwa siku. Wa kwanza dizeli ya kisasa itamtunza. Wa pili itamfilisi, na yeye ningempa petroli ya cc 1500 au haibridi alale usingizi.

Sababu iko chini, kwenye ekzosi. Dizeli nyingi ndogo za kuanzia miaka ya 2010 zina DPF, yaani chujio la masizi. Masizi yakifika kiwango, kompyuta huyachoma: inarusha dizeli kidogo wakati mlipuko wa silinda umeshapita, mafuta hayo yanakwenda kuwakia kwenye ekzosi na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600. Kazi hiyo inataka dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Ukifika nyumbani ukazima katikati, masizi yamebaki nusu, na sehemu ya ile dizeli imeshateleza kwenye kuta za silinda ikashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Rudia hivyo wiki mbili tatu na oili inapanda badala ya kupungua. Wenye magari hufurahi, eti halili oili. Kumbe ni oili iliyotiwa dizeli, nyepesi, haiwezi tena kulinda beringi wala shafti ya turbo.

Sasa hesabu. Sedani ya dizeli ya lita 2, ikiendeshwa na mtu mwenye akili zake, inakula kama lita 5.5 kwa kilomita 100 za njia kuu. Petroli yenye nguvu inayokaribiana nayo nitaipa lita 8.5. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Kwenda na kurudi, dizeli imekuokolea lita 21. Ukifanya safari 40 kwa mwaka, hizo ni kilomita 28,000 na lita 840 zimebaki mfukoni. Zidisha kwa bei ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, inayotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kisha toa oili maalumu, filta za dizeli na akiba ya nozeli, zile zinazorusha dizeli kwenye silinda. Bado unapata. Lakini anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka ameokoa lita 300 tu, na nozeli moja mpya inaweza kuzimeza zote.

Kuhusu mbio, wengi huangalia namba isiyo na kazi. Farasi wa juu kabisa utawatumia wapi? Barabara yetu ni kibao cha 50, tochi ya trafiki, tuta, lori, kisha kibao cha 50 tena. Unachohitaji ni gari litoke 50 hadi 100 upesi ukiwa nyuma ya semi kabla upande wa pili haujafunga. Hapo kinachofanya kazi ni toki, nguvu ya kusukuma. Petroli ya lita 2 isiyo na turbo inatoa kama Nm 200 (Nm ndiyo kipimo cha toki), tena ukiipandisha hadi mizunguko 4,000. Dizeli ya turbo ya ukubwa huohuo inatoa Nm 380 hadi 400 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 au chini yake. Unagusa tu, umeshapita. Ila ukivuka 100 ukaenda 120, upinzani wa hewa umeongezeka asilimia 44, na ule unusaji wa mafuta ulioufuata umeuacha Mkata.

Kwa magari yenyewe ya dizeli, Mazda ndizo nyingi zaidi kutoka Japani, basi nianze nazo na nikae nazo. CX-5 na Atenza za kuanzia 2012 zina injini ya Skyactiv-D ya cc 2,188, turbo mbili, farasi 175 na Nm 420, na taimingi yake ni ya cheni. Usikubali maneno ya "hii ni dizeli" bila kusoma namba ya chesesi: CX-5 ya dizeli ya toleo la kwanza huanza na KE2, Atenza GJ2, Demio ya dizeli DJ5. CX-5 ina nafasi ya milimita 210 chini, kwa hiyo matuta na njia ya vumbi ya shambani haliogopi. Atenza iko chini zaidi, lakini ndiyo yenye usukani mtamu, na kwa mtu wa lami tupu ndiyo ningemchagulia. Demio ya cc 1,498 ina farasi 105, na ya otomatiki Nm 250 ndani ya kigari chepesi. Inashangaza watu barabarani, ila njia yake ya hewa huziba masizi upesi ikitumika mjini.

Injini ya lita 2.2 ya CX-5 na Atenza ina ugonjwa mmoja ambao ukiujua umeokoa injini nzima. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikichoka, moshi wa mlipuko unapenya pembeni ya nozeli hadi chini ya kava ya valvu, unakutana na oili na kuipika. Oili iliyopikwa inageuka magamba meusi, magamba yanashuka kwenye sampo na kukaa kwenye kichujio cha pampu ya oili. Presha inashuka, turbo ndiyo ya kwanza kufa. Gereji nyingi hubadilisha turbo, na baada ya wiki chache mpya nayo imekufa, kwa sababu kichujio hakikuguswa. Tiba ni kutoa nozeli, kusafisha kikalio chake mpaka chuma king'ae, kuweka washa mpya na bolti mpya, kushusha sampo na kuosha au kubadilisha kichujio. Usimwage dawa ya kusafisha injini kwa ndani. Inabandua magamba yote kwa mkupuo na kuyapeleka kulekule. Na fundi anaporudisha sampo, silikoni iwe mstari mwembamba wa kama milimita 3. Akiipaka kama anapaka siagi, inayozidi inaminywa ndani, inakatika, inaziba kichujio kipya.

BMW 320d ya bodi F30 ni kitu kingine. Ina cc 1,995. Za mwanzo zina injini ya N47, farasi 184; kuanzia 2015 iliingia B47, farasi 190 na Nm 400. Giaboksi ya ZF yenye gia 8 ndiyo inayolifanya linuse mafuta, maana kwenye 100 injini imetulia kabisa. Shida ni kwamba cheni ya taimingi imewekwa nyuma, upande wa giaboksi. Kuibadilisha ni lazima utoe giaboksi au injini, na kwa N47 cheni hiyo ina historia mbaya. Liwashe gari likiwa baridi, simama upande wa kioo cha mbele usikilize: mkwaruzo wa chuma unaofuata mizunguko ni sababu ya kuaga kwa heshima. Tafuta B47. Uliza pia kipoza moshi cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Mwaka 2018 BMW iliyaita gereji magari mengi ya dizeli duniani kwa sababu maji ya kupozea yalivuja humo, yakachanganyika na masizi na yangeweza kuwaka moto. Nafasi ya chini ni milimita 140 tu, na mengi hayana tairi ya akiba.

Golf na Audi za 2.0 TDI hutufikia zaidi kutoka Uingereza. Gari zuri, cc 1,968, lakini kumbuka mambo matatu: dashibodi inasoma maili, na maili 100,000 ni kilomita 161,000 hivi, chini kunaweza kuwa na kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, na taimingi yake ni mkanda. Usipoletewa ushahidi wa kubadilishwa, badilisha mkanda, tenshena na pampu ya maji kabla hujasafiri. DSG, giaboksi yao ya otomatiki, ya gia 6 inataka oili na filta yake kila kilomita 60,000.

Mercedes za dizeli zinazotumia AdBlue, maji ya kusafisha moshi, sizipendekezi kwa mkazi wa pwani. Maji yale hayapendi joto: kwenye nyuzi 30 yanadumu kama mwaka, nyuzi 35 kama miezi sita, na sensa zake zikigoma gari linakuhesabia kilomita zilizobaki kabla ya kukataa kuwaka.

Ushuru nao uuangalie kabla hujalipa Japani. Kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kuvuka cc 2,000 kunapandisha ushuru wa bidhaa, hivyo Mazda ya 2,188 inaangukia upande mbaya na BMW ya 1,995 upande mzuri. Umri nao una ada yake ya uchakavu kuanzia miaka 8. Kama unanunua namba D, yaani gari lililokwishasajiliwa hapahapa, hayo yamekupita. Kilichobaki ni kulikagua.

Fika asubuhi na umwombe mwenye gari asiliwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu umefichwa. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kwenye Mazda kuna alama ya X juu ya ile ya kujaa: oili ikikaribia hapo, sampo ina dizeli. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na unuse vidole. Weusi usikutishe, dizeli zote huwa hivyo. Harufu ya dizeli ndiyo ya kukutisha. Vuta kava ya plastiki juu ya injini, umulike tochi kwenye mashina ya nozeli. Ukiona kitu kama lami kimeganda kuzunguka shina, au gari likiwaka unasikia "chss, chss" hapo, washa zimeshakwisha. Bomba la hewa kabla ya manifoldi likifunguliwa utajionea mwenyewe: tundu ambalo gumba lingepita kwa raha limebaki la kalamu.

Kisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usiridhike na "haina kodi za hitilafu". Mwambie fundi afungue data za DPF asome umbali wa kilomita kati ya uchomaji mmoja na mwingine. Gari linalojichoma kila baada ya kilomita 200 na zaidi lina afya. Likiwa chini ya 100, tafuta jingine. Asome pia masahihisho ya nozeli injini ikiunguruma taratibu: silinda moja ikienda mbali na wenzake, bei ya nozeli iondoe kwenye bei ya gari.

Utaambiwa DPF hata ikiziba inatobolewa tu. Inatobolewa, ndiyo. Lakini kopo likitolewa utumbo na programu ikabaki ileile, kompyuta itaendelea kurusha dizeli ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, na ile oili inayopanda inarudi pale pale. Na wauza machungwa wa Muheza watakuvutia moshi wako.

Ukishalinunua, oili ndiyo siri. Ile 15W-40 ya malori inaacha majivu mengi, na majivu, tofauti na masizi, hayaungui. Yanakaa kwenye DPF milele. Soma nyuma ya galoni utafute kiwango cha oili ya majivu machache: ACEA C3, au LL-04 kwa BMW, 507.00 kwa VW, DL-1 kwa Mazda. Mwaga kila kilomita 7,000. Wazungu huenda mbali zaidi, lakini dizeli yao ina salfa isiyozidi ppm 10, yetu inaruhusiwa hadi 50, na salfa inachosha oili mapema. Tairi chukua za rimu ya 17: CX-5 inakubali 225/65R17, inameza mashimo vizuri kuliko 225/55R19 na bei inapungua.

Filta ya dizeli ibadilishe kila kilomita 20,000, maana pampu ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, inajisaga na kupeleka vumbi la chuma hadi kwenye nozeli zote nne. Hapa pwani tangi linalokaa robo hukusanya unyevu, kwa hiyo jaza ukirudi safari, usingoje asubuhi ya kuondoka. Kama filta yako ina nati ya kumwagia, kila mwezi kinga kidogo kwenye chupa nyeupe uiache dakika 10. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona maji yamefika upana wa kidole, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, na safari ijayo ujaze kituo kingine.