Je, Wajua Nani Huamua Darubini Kubwa Itazame Wapi Usiku wa Leo?

Sutherland ni mji mdogo wenye baridi kali kwenye nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini, kama kilomita 370 kutoka Cape Town. Nje kidogo ya mji, kilimani, ipo darubini iitwayo SALT, kifupi cha Southern African Large Telescope, yaani Darubini Kubwa ya Kusini mwa Afrika. Hakuna darubini nyingine ya mwanga, ikihesabiwa peke yake, inayoizidi ukubwa katika nusu yote ya kusini ya dunia. Na haiwezi kukiona Kilimia.

Naam, Kilimia, kishada kile kile cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitegemea kwa vizazi kujua majira ya mvua, na ambacho mtoto yeyote anaweza kuoneshwa akiwa uani kwao. Darubini yenye vioo 91 vya pembe sita vilivyopangwa kama sega la nyuki, upana wake kama mita 11 kwa 10, haikifikii. Ukielewa kwa nini haikifikii, umeshaelewa nusu ya jibu la swali letu: wanasayansi wa nchi mbalimbali, kila mmoja na nyota yake, wanagawanaje darubini moja?

Darubini nyingi huweza kuinama na kuinuka. SALT haiinami wala haiinuki. Ilipozinduliwa na Rais Thabo Mbeki tarehe 10 Novemba 2005, ilikuwa imejengwa kwa mtindo ulioigwa kutoka darubini ya Hobby-Eberly ya Texas, Marekani: kioo kikuu kimewekwa kwa mwinamo mmoja wa kudumu, digrii 37 kutoka utosini. Mtindo huo ulipunguza gharama mno, maana kuinamisha na kuinua tani na tani za chuma na vioo kwa ustadi wa kufuata nyota ni kazi ghali. SALT huzunguka tu, kama mtu aliyekaza shingo na kugeuka mwili mzima. Ikishaelekea inakotakiwa, inatua na kutulia tuli. Kinachofuata nyota ni chombo kilichoning'inizwa juu ya kioo, ambacho hutambaa polepole kukimbizana na mwanga unaorudishwa na vioo.

Matokeo yake ni kwamba SALT huona pete tu ya anga, kati ya digrii 47 na 59 hivi juu ya upeo wa macho. Wakati wowote ule, pete hiyo ni kama asilimia 12 tu ya anga lote linaloonekana. Lakini anga linazunguka. Nyota nyingi za kusini huingia kwenye pete zikipanda upande wa mashariki, hutoka, kisha huingia tena zikishuka magharibi. Kwa hiyo usiku ukizunguka na mwaka ukizunguka, darubini huifikia karibu asilimia 70 ya anga la huko. Kilimia kimekaa kaskazini mno. Ukiwa Sutherland hakipandi zaidi ya digrii 33 hivi, basi hupita chini ya pete kila siku bila kuigusa.

Fikiria sasa maana yake kwa ratiba. Nyota haikungoji. Inaingia kwenye pete, ambayo ndiyo dirisha la SALT, inakaa kama saa moja, pengine mbili, inatoka. Ukichelewa, ungoje ipite upande wa pili, ikiwa haijapambazuka, au ungoje kesho. Ni kama feri ya Kigamboni, ila kila abiria ana feri yake na saa yake.

Kabla ya hapo lakini, kuna swali la nani apande.

Zamani, na kwenye darubini kadhaa hata leo, mgao ulikuwa wa usiku mzima mzima. Mwanafalaki aliomba, akapewa, tuseme, usiku tatu za mwezi wa Juni, akasafiri, akapanda kilima, akakaa na darubini hadi alfajiri. Mawingu yakitanda usiku zote tatu, alirudi nyumbani mikono mitupu na kuomba tena mwakani. Na usiku ukiwa safi ajabu, hewa imetulia, nyota hazimetimeti hata kidogo, huenda yeye alikuwa na kazi ndogo ambayo hata usiku wa kawaida ungeitosha. Anga bora lilipotea kwa kazi isiyolihitaji, huku mwenye kulihitaji akiwa amepangiwa wiki ambayo mvua ilinyesha.

SALT iliacha utaratibu huo tangu mwanzo. Kazi zake huenda kwa foleni. Mwanasayansi haji Sutherland, anatuma ombi. Mwaka umegawanywa mihula miwili, mmoja kuanzia Mei hadi Oktoba, mwingine kuanzia Novemba hadi Aprili. Wabia walioijenga darubini, miongoni mwao Afrika Kusini, Poland, India, vyuo vikuu vya Marekani na vya Uingereza, kila mmoja ana fungu lake la muda kulingana na alichochangia, na kila mmoja ana jopo lake la kupima maombi ya watu wake. Jopo huangalia sayansi: swali hili lina uzito gani, na je, kweli linahitaji darubini kubwa kiasi hiki?

Kupima huko si kazi rahisi, na hapa inafaa nitoke Sutherland kidogo. Mwaka 2018 waliokuwa wakigawa muda wa darubini ya angani ya Hubble waliamua kuficha majina: anayepima ombi asijue limeandikwa na nani. Mara hiyo maombi yaliyoongozwa na wanawake yalikubaliwa kwa kiwango kilichozidi kidogo cha wanaume, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika takwimu za miaka mingi iliyotangulia. Kilichoondoka ni jina juu ya karatasi. Mimi naona huo ni miongoni mwa uamuzi muhimu zaidi uliowahi kufanywa kuhusu darubini yoyote, na haukuhitaji hata kioo kipya.

Ombi likikubaliwa SALT, mwenyewe huligawa vipande vipande. Kila kipande kinataja kitu kitakachotazamwa, chombo kitakachotumika, dakika ngapi, na masharti yake. Masharti ndiyo roho ya foleni. Anayechunguza galaksi hafifu hutaka usiku wa giza totoro, mwezi uwe haujachomoza. Anayechunguza nyota angavu hajali, mbalamwezi haimsumbui. Mwingine ana nyota mbili zinazozungukana na kufunikana, naye anataka dakika zile zile za kufunikana, si kabla wala baada. Mwingine ana nyota iliyolipuka na anataka itazamwe kila baada ya siku tatu, aone inavyofifia.

Kila kipande kina daraja pia, kutoka 0 hadi 4. Daraja la 1 ni zile kazi ambazo darubini imejifunga kuzimaliza. Daraja la 3 hugawiwa kwa makusudi zaidi ya muda uliopo, na waombaji wanajua hilo, ili isitokee saa ambayo darubini imesimama kwa kukosa cha kutazama. Daraja la 4 ni kazi za kujazia, zinazovumilia hali mbaya ya anga. Daraja 0 tutalifikia.

Twende sasa chumba cha uendeshaji. Usiku huwa na watu wawili wa zamu. Mmoja ni mwendeshaji, anayeizungusha darubini, kufungua kuba na kulinda chombo kisiharibike. Wa pili ni mwanafalaki wa zamu, na huyu ndiye jibu la swali lililo kwenye kichwa cha makala hii. Kazi anayoifanya saa ile si yake. Anatazama nyota za watu ambao huenda hajawahi kukutana nao, kwa masharti waliyoyaandika, akiamua dakika kwa dakika ni kipande cha nani kinafuata.

Tuseme ni usiku wa Juni, mrefu, baridi kavu. Programu imempa orodha ya vipande ambavyo madirisha yao yapo wazi saa hiyo. Galaksi hafifu ya daraja la 1 inaingia kwenye pete saa mbili na nusu, na mwezi utachomoza saa nne. Nafasi ni hiyo. Lakini hewa ya juu imechafuka kidogo, picha za nyota zimevimba kuliko mwenye galaksi alivyoruhusu. Akiichukua, atatumia dakika za mbia huyo kwa data isiyofaa. Akiiacha, huenda hewa itulie baada ya robo saa, dirisha likiwa limeanza kufunga. Kuzungusha darubini, kuitua, kuitambua nyota yenyewe kati ya majirani zake na kuiweka sawasawa kwenye mwanya wa chombo, vyote hivyo vinakula dakika. Kila anapobadili mawazo, dakika hizo zimekwenda. Basi anachagua nyota angavu ya daraja la 2 iliyo karibu na pale darubini inapoelekea sasa hivi, huku jicho lake likiwa kwenye kipimo cha hewa.

Kompyuta inaweza kupanga orodha, na kuna mitandao ya darubini ndogo, baadhi yake ziko kilima hicho hicho cha Sutherland, ambayo hupangwa na kompyuta tupu bila mtu. Ila kwenye darubini yenye dirisha jembamba kama hili, bado namwamini zaidi mtu aliyetoka nje, akaangalia juu, akahisi upepo umegeuka.

Upepo ukizidi au unyevu ukipanda, kuba linafungwa, na hapo hakuna daraja linalosaidia. Vioo vinakuja kwanza. Asubuhi, kama usiku ulikuwa mzuri, data husafirishwa kwa mtandao kwenda kwa wenyewe, nao huipata bila kusikia ile baridi.

Sasa daraja 0. Hilo ni la mambo yasiyoomba miadi. Tarehe 17 Agosti 2017, saa 9:41 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, vipokezi vya mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga lenyewe, vilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zilizozungukana hadi zikagongana. Sekunde 1.7 baadaye mnururisho wa gama, mwanga wenye nguvu mno usioonekana kwa macho, nao ukanaswa na satelaiti ya Fermi. Kama saa 11 baadaye darubini moja ya Chile ikauona mwanga wenyewe, nukta mpya kando ya galaksi iitwayo NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130. Duniani kote ratiba zikavurugwa kwa makusudi.

Kwa SALT mtego ulikuwa mwingine. Galaksi hiyo wakati huo ilikuwa imekaribiana na jua angani. Pale Sutherland iliingia kwenye pete ya magharibi karibu na jua kutua, na ilikuwa inatoka kabla giza halijakomaa. Dirisha lote lilikuwa la chini ya saa moja, nalo lote ndani ya utusiutusi wa Magharibi, wakati ambao kwa kawaida darubini bado inajiandaa. Tarehe 18 waliikimbilia hivyo hivyo. Siku 1.2 baada ya mgongano, SALT ikawa darubini ya tatu duniani kuuchambua mwanga huo kwa rangi zake, na ikaukuta umeelemea sana kwenye bluu. Kesho yake dirisha lilipofunguka tena wakaukamata mara ya pili, na bluu ilikuwa imeshaanza kupungua. Kupoa kwa haraka namna hiyo ni alama mojawapo iliyowathibitishia wanafalaki kwamba si mlipuko wa kawaida wa nyota.

Kazi ya namna hiyo inapoingia, anayesukumwa pembeni hapotezi haki yake. Kipande kisichotazamwa hakifutwi na dakika zake hazihesabiwi kwenye fungu la mbia wake. Kinabaki kwenye foleni na masharti yake yale yale, kikingoja nyota yake iingie tena kwenye pete.