Je, wajua? Visiwa vya Pasifiki haviuzi jodari, vinauza siku

Eneo lote la nchi kavu la Kiribati ni kilomita za mraba 811. Ukivikusanya visiwa vyake vyote pamoja, havifikii ukubwa wa Pemba. Nauru ni kilomita 21 tu, na Tuvalu 26. Lakini sehemu kubwa ya jodari wa kopo anayeliwa duniani hupatikana katika maji ya nchi hizi na majirani zao, na kwa Kiribati pesa za uvuvi huu zimekuwa zikijaza zaidi ya nusu ya mfuko wa serikali. Je, wanauza nini hasa?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba wanauza samaki. Atakayefikiri kidogo zaidi atasema wanauza vibali: meli inalipia leseni, inapewa idadi ya tani, inavua, inaondoka. Jibu hili la pili ndilo hatari zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli. Leseni zipo, na meli za Japani, Korea Kusini, Taiwan, China, Marekani na Hispania zinazo. Wengi tuliosoma habari hizi kwa juujuu tulibaki na picha ya afisa bandarini akisimama na daftari, akihesabu tani zinazoshushwa.

Afisa huyo hayupo, au akiwepo si yeye anayeamua nani alipe nini. Kwa meli zinazotumia wavu mkubwa wa kuzungushia, wa karibu kilomita mbili kwa urefu na zaidi ya mita 200 kwenda chini, bidhaa inayouzwa ni siku. Meli inanunua siku moja ya kuwepo ndani ya maji ya nchi fulani. Ipate tani 150 au irudi na wavu mtupu, bei ni ileile. Wala nchi haimwahidi mnunuzi samaki hata mmoja. Ndiyo maana kusema "wanauza tani" kunapotosha: anayeuza tani anabeba hasara samaki wakikosekana, na anayeuza siku anamwachia mnunuzi hasara hiyo.

Wanaoendesha mpango huu ni nchi nane za Makubaliano ya Nauru, yaliyotiwa saini kwa mara ya kwanza mwaka 1982: Shirikisho la Mikronesia, Kiribati, Visiwa vya Marshall, Nauru, Palau, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na Tuvalu. Tokelau imejiunga na mpango wa siku baadaye. Ofisi yao iko Majuro, Visiwa vya Marshall. Maji ya nchi hizi yamepakana kando ya ikweta, na ya Kiribati peke yake yanazidi mara tatu ukubwa wa Tanzania nzima.

Kwa nini siku, na si tani? Anayejua biashara ya daladala atalielewa hili upesi. Tajiri wa gari anaweza kumdai dereva kwa njia mbili. Ya kwanza ni asilimia ya nauli. Hapo inabidi ajue abiria wangapi walipanda, nani alishuka njiani, nani alilipa nusu, na konda ana kila sababu ya kupunguza idadi. Njia ya pili ni hesabu: jioni lete kiasi tulichokubaliana, vichwa ulivyobeba ni shauri lako. Tajiri anachohitaji kujua ni jambo moja tu, kama gari lilikuwa barabarani leo au lilikuwa limelala.

Tani za jodari ndizo nauli ya konda. Samaki hugandishwa melini, huhamishiwa meli ya mizigo, kisha hupimwa kiwandani wiki kadhaa baadaye, mara nyingi Bangkok. Jodari macho-makubwa mchanga anafanana sana na wa mapezi ya njano, na wote huchanganywa na skipjack, yule mdogo mwenye mistari tumboni ambaye ndiye shabaha yenyewe. Ukiweka ukomo wa tani, nahodha anapata sababu ya kutupa baharini samaki wadogo wa bei ndogo ili abakize nafasi ya wakubwa. Siku haifichiki kirahisi hivyo. Kila meli ina kifaa cha setilaiti kinachotuma mahali ilipo, na kuanzia 2010 kila safari ya meli hizi hubeba mwangalizi. Sehemu ya siku nayo huhesabiwa: meli ikivuka mpaka mchana, siku hiyo hugawanywa kati ya nchi mbili kulingana na muda iliokaa kila upande.

Hesabu ya daladala ina kasoro moja inayojulikana na kila tajiri. Dereva akilipa kwa siku, atatamani gari kubwa. Visiwa viliionja kasoro hii mapema. Katika miaka ya 1990, kabla ya kuhesabu siku, nchi hizi ziliweka ukomo wa idadi ya meli, na kwa muda mrefu ukawa meli 205. Meli hazikuongezeka sana, ila zilirefuka. Basi mpango wa siku ulipoanza kutumika mwishoni mwa 2007, ulikuja na kipimo cha urefu. Meli ya mita 50 hadi 80 ikikaa siku moja, inakatwa siku moja. Iliyo chini ya mita 50 inakatwa nusu siku, na iliyozidi 80 inakatwa siku moja na nusu. Ni sawa na kumwambia mwenye basi la abiria 60 kwamba hesabu yake haiwezi kulingana na ya Hiace.

Bei peke yake isingetosha. Kabla ya hapo wanunuzi waliwagonganisha wauzaji: nchi moja ikitaka pesa zaidi, meli zilihamia kwa jirani aliye tayari kuvunja bei. Dawa yake ilikuwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kwanza, jumla ya siku ina ukomo wa takriban 45,000 kwa mwaka, na kila nchi hupewa fungu lake kwa kuangalia samaki wanaokaa katika maji yake na historia ya uvuvi humo. Pili, kuna bei ya chini ambayo hakuna anayeruhusiwa kuuza chini yake: dola 5,000 kwa siku kuanzia 2012, kisha 6,000, na 8,000 kuanzia 2015. Miaka michache kabla ya hapo siku ilikuwa ikienda kwa dola elfu moja na kitu. Baadhi ya siku zilizouzwa kwa ushindani zimevuka 10,000.

Tufanye hesabu ya mfano. Meli ikipata wastani wa tani 30 kwa siku, na tani ikiuzwa dola 1,500, siku ina thamani ya dola 45,000. Ada ya 8,000 ni karibu asilimia 18. Bei ya skipjack ikishuka hadi 1,000, ada ileile inakuwa asilimia 27, na wenye meli huanza kulia. Mwanzoni mwa 2016 ndivyo ilivyotokea: bei ilikuwa imeanguka, wenye meli za Marekani wakashindwa kulipia siku walizokuwa wameahidi kununua, na meli zao zikakosa leseni na kukaa bila kuvua kwa wiki kadhaa hadi makubaliano mapya yalipofikiwa.

Mapato ya pamoja ya nchi hizi yalipanda kutoka takriban dola milioni 60 mwaka 2010 hadi karibu milioni 500 mwishoni mwa muongo huo. Hapa inafaa kwenda taratibu. Bei ya jodari duniani ilikuwa juu sana 2012 na 2013, kwa hiyo si kila dola iliyoongezeka imetokana na mpango huu. Halafu kuna siku zinazotolewa kwa bei nafuu kwa meli zinazoshusha samaki katika viwanda vya nyumbani, hasa Papua Guinea Mpya. Ukizidisha 45,000 kwa 8,000 hupati mapato halisi, hupati hata makisio mazuri.

Lakini kipande kinachovutia kuliko vyote ni kile cha El Niño. Skipjack hufuata maji ya moto, na maji hayo hayatulii mahali pamoja. Mwaka wa El Niño husogea mashariki, kuelekea Kiribati. Mwaka wa La Niña hurudi magharibi, kuelekea Papua Guinea Mpya. Kama kila nchi ingekuwa na leseni zake peke yake, jirani mmoja angeshiba na mwingine akalala njaa, kisha wakabadilishana zamu. Siku zinaweza kuhamishwa. Nchi ambayo samaki wameikimbia huiuzia siku zake nchi ambayo meli zimejaa na fungu lake limeisha. Yaani nchi hupata pesa za jodari aliyevuliwa maelfu ya kilomita kutoka kwake, katika mwaka ambao yeye mwenyewe hana cha kuvua. Tani zilizofungwa kwenye maji ya nchi moja zisingefanya hivyo kirahisi.

Matundu bado yapo. Nahodha anaweza kudai kwamba siku fulani hakuvua, alikuwa safarini tu au injini ilisumbua, na siku za namna hiyo hazikatwi. Ni gari lililodaiwa kulala gereji, na njia ya kulikagua ni kulinganisha ramani ya setilaiti na ripoti ya mwangalizi. Tundu la pili ni gumu zaidi: siku ya leo si siku ya 2007. Vyelezo vinavyoachwa vielee ili samaki wakusanyike chini yake sasa vina maboya yenye kipima-sauti, yanayomtumia nahodha makisio ya samaki waliopo kupitia setilaiti. Anakwenda moja kwa moja pale palipojaa. Siku 45,000 zinaweza kubaki 45,000 kwenye karatasi huku nguvu ya kuvua ikiongezeka kimyakimya, na kuipima nyongeza hiyo kwa usahihi ni kazi ngumu. Kupiga marufuku vyelezo kwa muda fulani kila mwaka (hadi 2023 ilikuwa miezi mitatu, Julai hadi Septemba) kulianza kwa sababu nyingine, kuwanusuru macho-makubwa wachanga, ingawa kunapunguza makali ya tatizo hili pia.

Na kuna samaki anayevuka mstari. Maji ya kila nchi yanaishia maili 200 za baharini kutoka pwani, na nje ya hapo hakuna mwenye kuuza siku. Visiwa vilijibu kwa ujanja wa kisheria unaopendeza: havina mamlaka juu ya maji ya kimataifa, lakini vina mamlaka juu ya leseni zao, basi vikaandika ndani ya leseni kwamba anayeitaka asivue katika maeneo fulani ya maji hayo. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikadiria kwamba, hewa chafu ikiendelea kutolewa kwa wingi, uvuvi wa nyavu za kuzungushia katika maji ya nchi kumi za visiwa vya Pasifiki unaweza kupungua kwa wastani wa asilimia 20 ifikapo 2050, kwa kuwa jodari watasogea mashariki na kutoka nje ya mistari hiyo. Hayo ni makadirio ya modeli, yenye mapana yake, lakini mwelekeo hauwapi raha wauza siku.

Upande wetu, Ushelisheli, Komoro na Morisi zinashiriki bahari yenye jodari wengi, na tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ina makao yake Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli. Kuiga siku si rahisi huku, kwa sababu maji ya visiwa hivi hayajashikana kama yale ya ikweta ya Pasifiki, na meli ina sehemu kubwa ya maji ya kimataifa ya kukimbilia mtu akipandisha bei. Mkataba wa Ushelisheli na Umoja wa Ulaya wa mwaka 2020 ulijengwa kwa kipimo cha zamani: tani 50,000 za rejea kwa mwaka, yaani kiasi cha kukokotolea malipo, na ada ya mwenye meli kwa kila tani.