Kabla ya kuamini tani za chokaa zilizoandikwa na programu

Kazi yangu ni kukagua mipango ya virutubisho kabla mbolea haijaagizwa, na swali moja hunirudia kila msimu: "Mashamba yangu mawili yote yana pH 5.2. Mbona programu ya kupanga mbolea imeliandikia moja tani mbili za chokaa kwa hekta, na jingine tani tano?" Wengi hudhani programu ina hitilafu. Mara nyingi iko sawa kabisa.

pH hupima ukali wa tindikali iliyomo kwenye maji ya udongo: namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi, na chokaa ndiyo huizimua. Akiba ya tindikali iliyoshikwa na udongo haionyeshi. Chembe za mfinyanzi na mboji zimeshika haidrojeni na alumini nyingi mno kuliko zile zilizo huru majini, na chokaa ikizimaliza zile za majini, zilizoshikwa huachiwa kushika nafasi yake. Kichanga kina akiba ndogo, mfinyanzi wenye mboji una akiba kubwa. Kwa hiyo maabara hupima pia pH ya bafa: udongo huchanganywa na kimiminika ambacho pH yake inajulikana, kisha huangaliwa imeshuka kiasi gani. Ikishuka sana, chokaa nyingi itahitajika. Njia ya SMP, iliyotolewa na Shoemaker, McLean na Pratt mwaka 1961, bado inatumika. Ukiacha kisanduku cha bafa wazi, programu nyingi hukisia kutokana na aina ya udongo uliyoichagua. Neno "tifutifu" ulilolibofya kwa haraka ndilo litakaloamua idadi ya tani.

Kisanduku kingine kinachosahaulika ni cha njia ya kupimia. pH ya udongo uleule ikipimwa kwenye kloridi ya kalsiamu huwa chini kuliko ikipimwa kwenye maji, mara nyingi kwa nusu pointi hadi pointi nzima. Niliwahi kuletewa mpango uliotaka chokaa kwenye kila kipande cha shamba, na mahindi ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamestawi vizuri. Nikaomba karatasi ya maabara yenyewe. Juu ya safu ya pH kulikuwa na herufi ndogo, CaCl₂, yaani kloridi ya kalsiamu. Aliyeingiza takwimu alikuwa ameacha programu kwenye "maji". Ile 5.4 iliyoonekana ya kutisha ilikuwa karibu 6.0 kwa kipimo cha maji, na lengo la shamba lilikuwa 6.0. Tangu siku hiyo sikubali takwimu za pH zisizoandamana na karatasi yake.

Tuje kwenye tani zenyewe. Pendekezo kwa kawaida huhesabiwa kwa kalsiamu kabonati safi, iliyosagwa laini. Mfuko wako haupo hivyo. Tuseme pendekezo ni tani 4 kwa hekta. Chokaa uliyonayo ina uwezo wa kuzimua tindikali wa asilimia 85 ya kabonati safi, na kwa jinsi ilivyosagwa, asilimia 80 tu ndiyo itakayofanya kazi kwa wakati. Zidisha 0.85 kwa 0.80, unapata 0.68. Gawanya 4 kwa 0.68: karibu tani 5.9. Ikiwa na unyevu wa asilimia 10, gawanya tena kwa 0.9, sasa ni tani 6.5. Kwa uwezo huo wa kuzimua, dolomaiti safi (chokaa yenye magnesi) hufika takriban asilimia 109, na chokaa hai safi (iliyochomwa) asilimia 179, kwa hiyo jina "chokaa" peke yake halitoshi. Chembe kubwa kama mchanga mnene zinaweza kukaa ardhini miaka bila kuyeyuka.

Kina nacho ni hivyohivyo. Kama programu imehesabu sentimita 20 na wewe hulimi, unamwaga juu tu au unachanganya sentimita 10, dozi unayohitaji ni nusu. Ukimwaga yote, tabaka la juu litapanda kupita kiasi, na hapo zinki, manganizi na boroni huanza kuadimika kwa mmea. Nimeona majani machanga ya mahindi yenye michirizi myeupe karibu na kitako cha jani, juu ya udongo ambao mwenyewe aliamini ameutibu.

Wastani nao unaficha. Upande mmoja wa shamba una pH 4.8, mwingine 6.4, programu inaandika 5.6 na kulitendea shamba zima sawa. Kwenye 4.8 alumini inakata mizizi, na dozi ya wastani haitoshi, kwenye 6.4 hakukuwa na haja. Gawa shamba vipande viwili kwenye ramani kabla hujachukua sampuli. Hili ningelipa uzito kuliko mapambo yote ya programu.

Angalia pia mbolea ya mpango huohuo. Kilo moja ya nitrojeni kutoka urea huhesabiwa kuhitaji takriban kilo 1.8 za kalsiamu kabonati kuzimua tindikali inayoletwa nayo; kutoka salfeti ya amonia, takriban 5.4. Ukibadilisha mbolea, badilisha na makadirio ya chokaa.

Baada ya kumwaga, ingiza tani zilizomwagwa kweli na tarehe yake, hata kama zilikuwa nusu ya pendekezo kwa sababu gari lilikwama. Chokaa huchukua miezi, wakati mwingine miaka miwili au mitatu, kumaliza kazi. Mtu akipima upya mapema na kumbukumbu hiyo haipo, programu itaagiza dozi ya pili juu ya ile ambayo bado inayeyuka.