Jaribio lililofeli usiku tu

Ofisi yetu iko Kijenge, Arusha, na programu tunayoitunza ni ya ankara na stoo za loji. Inakaa kwenye wingu, kwa hiyo kosa likipenya, wateja wote wanalo siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kila badiliko la msimbo, yaani maandishi ya programu (mwenzangu huuita "kodi", ila kwenye programu inayokokotoa VAT neno hilo linatuvuruga) hupita kwanza kwenye paipulaini ya GitHub Actions, mlolongo wa ukaguzi unaojiendesha wenyewe kwenye mashine za mtandaoni.

Mpangilio ni wa kawaida: ukaguzi wa mwandiko wa msimbo, majaribio madogo madogo, majaribio yenye hifadhidata ya kweli, PostgreSQL, ndani ya kontena (kisanduku chake cha pekee kwenye mashine), ndipo imeji ya Docker, yaani kifurushi cha programu kilicho tayari kuwashwa, itengenezwe. Kwenda kwa wateja, lazima mtu abonyeze. Chepesi kitangulie, maana akaunti ya bure ina dakika 2,000 za mashine hizo kwa mwezi kwa hifadhi za msimbo zisizo za umma, na kazi iliyokwama usipoiwekea kikomo itaachwa hadi dakika 360. Sisi tumeandika `timeout-minutes: 15`, baada ya jaribio moja kukesha likisubiri hifadhidata ambayo haikuwaka.

Hilo la dakika ni dogo. Siku moja mwenzangu alituma kazi saa saba usiku, jaribio la ankara likawa jekundu, yaani limefeli. Asubuhi akabonyeza kurudia, likawa kijani. "Mtandao tu huo, kaka." Nikakubali, nikaenda zangu kunywa chai.

Julai ilipoanza, mhasibu wa loji akapiga simu. Bili za baa zilizofungwa baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 zilikuwa zimeingia kwenye VAT ya Juni.

Mashine za paipulaini, na seva yetu pia, zinafuata UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko saa tatu nyuma yetu. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, huku ni tarehe mpya, kule bado ni jana. Mchana tarehe zinalingana, na sisi karibu kila mara tunatuma kazi mchana. Kompyuta zetu za mezani nazo zina saa za hapa, hazingeona kitu.

Sasa muda unahifadhiwa kwa UTC, lakini siku ya ankara inakokotolewa kwa `Africa/Dar_es_Salaam`. Jaribio linaigandisha saa kwenye 30 Juni, 22:00 UTC (huku ni saa saba usiku), na linadai jibu liwe 1 Julai. Na kabla ya kurudia kazi iliyofeli, mtu asome logi, kumbukumbu za mashine, kwanza. Sitaki tena kusikia habari za mtandao.

Tukaongeza pia mzunguko wa kila usiku, saa saba. Kijana wetu mpya akaandika `0 7 * * *`. Hiyo 7 ni 07:00, yaani saa moja asubuhi, si saa saba usiku; tena ratiba hiyo nayo inasomwa kwa UTC, kwa hiyo jaribio la usiku likawa linaanza saa nne asubuhi, sote tukiwa mezani. Inatakiwa `0 22 * * *`.