Picha safi, bega gumu

Huyu ni wa tatu wiki hii. Mama anayeuza samaki sokoni Kibuye, Kisumu, aliingia na bahasha ya eksrei mkononi, akaanza kabla hajaketi: "Daktari, wamesema picha ni safi. Sasa mbona siwezi kufunga aproni kwa nyuma?" Alikuwa amepitia sehemu mbili kabla ya kunifikia. Kote alipigwa picha, na kote hakuna aliyeushika mkono wake akauzungusha.

Eksrei huona mifupa: mvunjiko, bega lililochomoka, kiungo kilicholika, chokaa ndani ya kano. Mfuko laini unaozunguka kiungo ukikaza, yaani bega likiganda, eksrei haiuoni. Kwa hiyo picha safi inasema mifupa ni mizima, basi. Haisemi kwamba mama anadeka. Na picha siikatai. Aliyeanguka na bodaboda namtuma akapigwe kwanza, kwa sababu bega lililochomoka kuelekea nyuma hukataa kuzunguka nje sawasawa na lililoganda, na wengi wamepitwa na hilo.

Kinachonichosha zaidi ni hiki. Hata anayepima kwa mkono humwambia mgonjwa "inua", mkono ukiishia usawa wa kifua anaandika "bega limeganda". Hapana! Hiyo ni nusu ya kipimo. Mkono usioweza kujiinua huenda una kano iliyochanika. Huo nikiuinua mimi unapanda, hata kama mwenyewe anakunja uso. Bega lililoganda linatunyima sote wawili. Kwa hiyo naomba kiwiko kibanwe ubavuni, kikunjwe digrii 90, kisha naupeleka mkono nje polepole, kwanza upande mzima. Kwa huyu mama upande mzima ulifika karibu 60. Upande unaouma uligota 15, mgoto mgumu, na kiwiliwili kikaanza kugeuka ili mkono uonekane umeenda. Ndiyo maana mkono wangu mwingine hukaa juu ya kombe la bega. Usipolizuia, litakudanganya.

Nikamuuliza kuhusu sukari. Hajawahi kupima. Ana miaka 52, na bega huganda zaidi kati ya 40 na 60, kwa wanawake zaidi, na kwa wenye kisukari zaidi ya wote.

Shingo pia niliipima, kama kawaida: maumivu yakivuka kiwiko hadi vidoleni pamoja na ganzi, anzia huko. Na bega la kushoto linalouma pamoja na kifua kubana na jasho, wakati kulisogeza hakubadilishi chochote, huenda ni moyo: liende hospitali sasa hivi, lisije kwangu.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia haraka. Chuoni tulikariri vipimo vya mkono vya kutafuta kano iliyoumia begani: cha Neer, cha Hawkins, cha Jobe. Mikononi mwangu, mgonjwa mmoja anaumia kwa vyote vitatu, na siku hizi sikitumii kimoja peke yake kutaja kano. Tena bega linaloanza kuganda huuma wiki nyingi kabla ya kukaza. Nimewahi kuliita tatizo la kano, nikampa mtu mazoezi ya kuvuta kwa nguvu, akarudi hawezi kulala usiku. Hilo bado linaniuma. Codman wa Boston, aliyelipa jina la bega lililoganda mwaka 1934, alikiri kwamba ni gumu kulieleza na gumu kulitibu. Tunawaambia wagonjwa litaachia lenyewe ndani ya miaka miwili au mitatu. Wapo ninaowaona ambao kipande cha mwisho hakirudi.

Mama nilimwandikia kipimo cha sukari, nikamwonyesha kuinama na kuuyumbisha mkono asubuhi na jioni, aishie pale maumivu yanapoanza kupanda. Baada ya wiki 6 nitakibana tena kiwiko kile ubavuni nione kama 15 imesogea.