Reli Ikiwa Bado Mstari wa Penseli, Huo Ndio Wakati wa Kuongea

Kuna mkutano mmoja wa kukusanya maoni siwezi sahau. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, hema limepigwa kwa uwanja wa shule huku Eastlands, Nairobi, viti vimepangwa vizuri, na waliokuja karibu wote walikuwa wazee wa mtaa na akina mama wenye watoto wadogo mgongoni. Wale wenyewe wanaopanda matatu saa kumi na moja alfajiri kwenda Industrial Area hakukuwa na hata mmoja, na wangetoka wapi, walikuwa kazini. Ramani ilikuwa imeprintiwa kwa karatasi ya A4, maandishi madogo na yote ya kiinjinia, mzee mmoja akaigeuza hivi akaigeuza vile akitafuta nyumba yake, akachoka akairudisha kwa meza. Tulipomaliza ikaandikwa kwa ripoti kwamba wananchi waliunga mkono mradi. Hiyo sentensi imenisumbua miaka, maana hakuna mtu pale aliulizwa swali analoweza kulijibu.

Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mjini, na swali naloulizwa sana sana ni hili, kwani maoni yetu yatasaidia nini na hawa watu washaamua? Nalichukulia kwa uzito hilo swali. Jibu ni kwamba inategemea umeulizwa lini. Laini ya treni, kama hii reli nyepesi nitakayoieleza hapa chini, haianzi na tingatinga. Inaanza na mtu kuchora njia tatu ama nne kwa ramani na kuzilinganisha, alafu moja inachaguliwa, inachorwa mchoro wa kwanza, inafanyiwa tathmini ya mazingira, ardhi inatafutwa, mchoro kamili unatengenezwa, ndio mkandarasi anakuja. Kusongesha stesheni mita 200 wakati wa ule mchoro wa kwanza ni kazi ya siku chache kwa kompyuta. Kuisongesha mkandarasi akiwa amechimba msingi ni pesa nyingi na miezi, na ukweli ni kwamba hapo hakuna mtu atakusikiza.

Si mnakumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way pale Westlands, mti wa zaidi ya miaka 100, ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya Expressway? Watu walipiga kelele mpaka Novemba 2020 serikali ikatangaza hautakatwa, na hadi leo uko. Kila nikipita hapo nafurahi. Lakini pia nafikiria vile ule mti ulikuwa hapo siku zote wakati barabara inachorwa, na kama mkaaji mmoja wa Westlands angekaa na wachoraji mapema akaweka kidole juu yake, haungehitaji kuokolewa dakika ya mwisho.

Kisheria hii si hisani unafanyiwa. Kipengele cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Kwa kesi ya Robert Gakuru dhidi ya kaunti ya Kiambu mwaka 2014, Mahakama Kuu ilifuta sheria ya ushuru ya kaunti kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha, na jaji akasema watu watafutwe makanisani, misikitini, kwa mabaraza na kwa redio, hata zile za lugha za nyumbani. Mahakama ya Juu nayo 2019, kwa kesi moja ya kampuni ya sigara, ikasisitiza ushiriki uwe wa kweli, si wa kutimiza tu masharti. Na upande wa mazingira, zile kanuni za tathmini za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali watu wanapita, aweke gazetini na redioni, na afanye mikutano isiyopungua 3 na wale wataathirika. Kwa hivyo ukiona mkutano ni mmoja tu na umesikia asubuhi yake kwa WhatsApp, uliza ile mingine miwili iko wapi.

Sasa tuje kwa reli yenyewe, maana naona watu wakienda mkutanoni na neno moja tu, tunataka ama hatutaki, na kwa hilo neno mchoraji hana la kufanya.

Reli nyepesi ni treni fupi ya umeme, mara nyingi waya uko juu, inapita mjini katikati ya watu na kusimama kila baada ya mita mia kadhaa ama kilomita moja hivi. Si kama SGR, ile reli kubwa ya safari za mbali, na si kama hizi treni zetu za dizeli za kwenda Embakasi, Ruiru na Kikuyu zinazotumia njia za reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi 1899. Treni moja ya reli nyepesi inaweza kubeba watu 200 ama 300 wengi wakiwa wamesimama, na matatu ndogo inabeba 14. Hapo kila mtu anapiga makofi. Lakini njia mbili za reli hiyo, ya kwenda na ya kurudi, zinataka upana wa kama mita 7 ama 8, na pale kwa stesheni zaidi. Leni moja ya barabara ni kama mita 3 na nusu. Tuseme kwa mfano tu ingepita Jogoo Road, hapo umechukua leni mbili ama umeingia kando kwenye vibanda, hakuna uchawi mwingine isipokuwa kuipandisha juu kwa nguzo, na hiyo ni bei ingine kabisa. Kwa hivyo swali la kwanza ni hizo mita zinatoka wapi, kwa matatu, kwa magari ya watu binafsi, kwa wanaotembea ama kwa mama mboga? Mimi msimamo wangu uko wazi, zisitoke kwa wanaotembea, maana watu wengi sana hii Nairobi wanaenda kazini kwa miguu na tayari tumewanyang'anya nafasi ya kutosha.

Swali la pili ni kuvuka. Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi Septemba 2015, kilomita kama 34, na ilikuwa hatua kubwa kwa Afrika yetu hii. Lakini sehemu nyingi reli ilipita katikati ya barabara na uzio pande mbili, mtu aliyekuwa anavuka hapo mbele ya duka lake sasa anazunguka mpaka kwa kivuko. Alafu miaka ilivyoenda treni nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Hayo ni mambo mawili tunaweza kuyauliza kabla hata jiwe la msingi halijawekwa. Mtoto wa shule atavukia wapi na ni hatua ngapi kutoka hapo anavukia leo, mama mwenye mzigo ama mtu wa kiti cha magurudumu atapanda kwa rampu ama kwa ngazi, na vipuri vitalipwa na nani mwaka wa tano, wa kumi. Nauli pia. Ukiwa Kayole na stesheni iko mbali, utalipa boda ama matatu kufika, ulipe treni, alafu huko mjini utembee ama ulipe tena, kwa hivyo usiulizie nauli ya treni peke yake, ulizia safari nzima kutoka mlangoni.

Mambo ya kuhamishwa ndiyo yanaumiza zaidi na ndiyo yanaelezwa vibaya zaidi. Ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, Kipengele cha 40 kinataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, na kinaongeza kwamba hata mtu anayekaa pahali kwa nia njema bila hati anaweza kufidiwa. Anayeshughulika ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na notisi inatoka kwa Gazeti rasmi la Serikali, ambalo wengi hawasomi, kwa hivyo muulize chifu na MCA wako, yule mwakilishi wa wadi, mapema. Kule Kibera na Mukuru, waliokuwa wanaishi na kuuza kando ya reli walihesabiwa kwanza, ndipo wakajengewa nyumba na vibanda karibu na hapo hapo. Sasa hiyo siku ya kuhesabiwa, tafadhali kuwa nyumbani, ama uache mtu anayekujua. Baada ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu, kibanda kipya hakiingii kwa orodha. Na mpangaji asikubali landlodi amsemee, mwenye mjengo analipiwa mjengo lakini mpangaji anapoteza makao, na yule wa kuuza nguo hapo mbele anapoteza wateja, hao ni watu watatu na kila mmoja aandikwe kivyake. Hii naisema kwa uchungu maana nishaona mtu aliyeuza viatu sehemu moja miaka mingi akikosa jina lake kwa orodha kwa sababu siku hiyo alikuwa ameenda Gikomba kuchukua mzigo.

Siku hizi mkutano nikiupanga mimi nauweka jioni ama Jumapili baada ya kanisa, na ramani naiprinti kubwa kama shuka, naitandika chini, naandika vitu vile watu wanavijua, stage, posho mill, kanisa, ile borehole. Kila mtu anaweka kidole kwa geti lake kwanza. Hapo ndipo maneno yanaanza. Hapa mvua ikinyesha maji yanajaa mpaka kwa magoti, hapa ndio watoto wanapitia, hii njia usiku hatuipiti. Hakuna sarvei itaniambia hivyo.

Na kama hukuweza kufika, andika. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, sema unakaa wapi, ni sehemu gani ya laini unaongelea, nini kitaharibika na wewe ungependa ifanywe aje, weka picha ya simu kama unayo, tarehe na sahihi. Mkiwa majirani kumi andikeni pamoja lakini kila mtu atie jina. Pelekeni nakala mbili kwa ofisi inayokusanya maoni, moja ibaki huko na moja mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Ripoti ya tathmini ya mazingira ikifika NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, hutangazwa na watu hupewa siku za kutuma maoni, mara nyingi 30, na tangazo lenyewe huandika unaweza kuisomea wapi. Ukinyimwa ramani ama ripoti, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba kwa Kiingereza ama Kiswahili na ofisi ina siku 21 za kukujibu, wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Alafu mkutano ukiisha msiende tu nyumbani mkangoja. Ombeni ile orodha inayoonyesha kila maoni na yalijibiwa vipi, yamekubaliwa, yamekataliwa na kwa nini. Tafuta lako kwa hiyo orodha. Ukikosa, rudi na ile nakala yako yenye muhuri, na kama leseni ya NEMA ishatolewa na hujaridhika, una siku 60 za kwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira.